Kuombea timu ishinde ni halali? Na mgombea kupewa kipaza sauti kanisani je?

Katibu_Vijana_Mbeya

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nina swali, na naomba utani wa Simba na Yanga tuuweke pembeni kidogo.

Sisi vijana wa usharika tunaandaa semina. Mada tuliyopendekeza ni Mkristo kwenye mpira, siasa na muziki. Wazee wa kanisa wameikataa, wanasema tuhubiri wokovu, hayo mengine ni ya dunia. Sasa mbona hayo ya dunia tunayo humohumo kanisani? Wiki ya mechi ya watani mhubiri alifungua ibada kwa kumshukuru Mungu "aliyetupigania juzi kwa Mkapa". Nusu ya kanisa ikapiga vigelegele, nusu ikanuna. Baadaye akaja mgombea mmoja, akakaribishwa "asalimie tu", akasalimia mpaka watoto wa Sunday School wakalala kwenye mabenchi. Na juzi kwenye mkutano wa kampeni nimesikia kwaya ikiimba pambio letu kabisa, ila jina la Yesu limetolewa, limewekwa la mgombea. Kinanda kilekile, makofi yaleyale.

Theolojia inasemaje? Kuombea timu ishinde ni dhambi? Na haya matatu yana uhusiano, au nalazimisha?

Mnyama_Mkali

Kuombea Yanga ni dhambi. Kuombea Simba ni shukrani. Nimemaliza, endeleeni.

Mwalimu_wa_Usambara

Katibu, amani iwe kwako. Mimi ni mchungaji mstaafu, nilikuwa nafundisha Agano Jipya. Pia ni shabiki wa Coastal Union, na ubingwa wetu wa ligi ni wa mwaka 1988, kwa hiyo kwenye habari za kushinda nazungumza kwa unyenyekevu wote.

Hulazimishi. Mhubiri wako, mgombea wako na ile kwaya wote wanasema sentensi moja: Mungu ametupa ushindi, kwa hiyo Mungu yuko upande wetu. Ukiikubali kwenye mpira kwa sababu inachekesha, utaikuta kwenye matokeo ya uchaguzi, na huko haichekeshi.

Tuanze na mpira. Kila mtu Tanzania anajua "kamati ya ufundi" ya klabu inafanya kazi gani, na klabu zimepigwa faini kwa kuingia uwanjani kupitia mlango usio rasmi. Sisi wachungaji tunakemea ndumba hizo kwa sauti kubwa. Sasa niambie, mtu anayefunga na kuomba ili mpinzani apoteze penalti ana tofauti gani na yule aliyeruka ukuta? Wote wawili wanatafuta nguvu ya kumshika mwenzao miguu. Aliyebadilika ni mganga tu. Nakiona hiki kuwa kibaya kuliko ndumba, maana mwenye ndumba hajamhusisha Baba yetu wa mbinguni.

Mtume Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu, na karibu na mji ule palikuwa na michezo mikubwa ya Isthmia, kila baada ya miaka miwili. Kwa hiyo alipowaandikia "apokeaye tuzo ni mmoja", walijua anachokisema. Mshindi alivikwa taji la majani: msonobari, au selari, na wapo wanaosema selari yenyewe ilikuwa imeshanyauka. Soma sasa 1 Wakorintho 9 polepole. Paulo hasemi Mungu alimpa fulani mbio. Anachokisifu kwa mwanariadha ni kwamba "hujizuia katika yote". Anasifu mazoezi, chakula, usingizi, miezi ambayo hakuna anayempigia makofi.

Halafu kuna Eric Liddell, yule mwanariadha Mskoti. Wahubiri wanampenda sana. Olimpiki ya Paris 1924 mchujo wa mita 100 uliangukia Jumapili, akagoma kukimbia, akaingia mita 400, akatwaa dhahabu kwa sekunde 47.6, rekodi ya dunia. Mhubiri anafunga Biblia hapo: mheshimu Mungu naye atakuheshimu, haleluya, sadaka.

Mimi nauliza: angekuwa wa nne, tungemhubiri? Na kwa nini tunaishia Paris? Mwaka uliofuata alirudi China, alikozaliwa, akawa mwalimu na mmisionari. Mwaka 1943 Wajapani wakamfunga pamoja na wageni wengine kwenye kambi ya Weihsien. Humo ndani akawa mwalimu wa watoto na msimamizi wa michezo yao. Jumapili aliendelea kuitunza, mpaka vijana walipocheza hoki bila mwamuzi wakaishia kupigana. Jumapili iliyofuata, mtu yule aliyekataa kukimbia Jumapili kwenye Olimpiki alitoka akawachezeshea. Alikufa Februari 1945 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 43. Kambi ilikombolewa Agosti. Hakuna taji hapo, wala mhubiri wa kupiga kelele, lakini mimi nikitaka kuwafundisha vijana Jumapili ni nini, naanzia kwenye filimbi ile ya Weihsien.

Siasa ni fupi zaidi. Mgombea akishinda, Warumi 13 inasomwa hata na wasiojua kuifungua: hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu. Sijasikia ibada ya shukrani inayosoma Hosea 8:4, ambapo Mungu mwenyewe analalamika kwamba watu wamejiwekea wafalme bila shauri lake. Zote mbili zimo katika Biblia moja. Anayesoma moja akaruka nyingine hahubiri, anampigia mtu kampeni.

Na ile kwaya sina la kuongeza. Ukiweza kutoa jina la Yesu kwenye pambio na lisipungukiwe kitu, basi hata kabla ya kampeni lilikuwa halimhusu.

Msomaji_wa_Umoja_Estate

Mwalimu, niko Nairobi na nimesoma hii nikiitikia kwa kichwa. Huku kwetu shida si maneno pekee, ni bahasha. Septemba 2021 huko Butere, Rose Okeno akiwekwa wakfu kuwa askofu, Askofu Mkuu wa Anglikana Ole Sapit aliwanyima wanasiasa kipaza sauti, na wakubwa wenyewe walikuwa wameketi pale mbele. Halafu Novemba 2024 Rais Ruto akaenda kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, pesa zikatolewa za nyumba ya padri na za kwaya, na kesho yake Askofu Mkuu Anyolo akatangaza zirudishwe. Ilikuwa zaidi ya milioni tano ukijumlisha na ahadi.

Lakini kuna jambo watu hawasemi. Parokia ya mtaani ina nyumba ya padri isiyoisha, paa linavuja, na waumini ni mama mboga na watu wa mjengo. Kurudisha pesa ni haki, sawa. Nyumba itajengwa na nani? Theolojia yenu ijibu hilo pia.

Beki_Mbili_Mstaafu

Shikamoo Mwalimu. Kwa heshima yote, unaongea kama mtu wa jukwaani. Mimi nimecheza ligi daraja la kwanza. Unajua kwa nini tunashikana mikono tunaomba kabla ya kutoka chumba cha kubadilishia nguo? Hatuombei magoli. Mkataba ni wa msimu mmoja, bima hakuna, goti likienda ndiyo basi, unarudi kijijini na begi la viatu. Mshahara wenyewe unakuja ukijisikia. Kipa wetu alikuwa Mwislamu na ndiye aliyekuwa anatukumbusha tuombe. Ukiwaambia vijana kuomba uwanjani ni sawa na ndumba, unamnyang'anya mtu kitu pekee alicho nacho.

Mwalimu_wa_Usambara

Marahaba mwanangu. Sala hiyo iendelee, na ungekuwa karibu ningekuja kuiitikia amina. Tofauti yake umeitaja mwenyewe: haimdai Mungu amwangushe mtu. Timu zote mbili zinaweza kuiomba siku moja na zote zikajibiwa. Hicho ndicho kipimo changu, nakiazima kwako kwa ajili ya semina ya Katibu: sala ambayo mpinzani wako hawezi kusema amina, iangalie mara mbili.

Ila kuna jingine kwenye maneno yako. Mshahara unaokuja ukijisikia si jambo la kuombea peke yake. Yakobo 5:4 inasema ujira wa vibarua uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele zao zimeingia masikioni mwa Bwana. Mchungaji anayekwenda kuibariki jezi mpya ya klabu aulize pia, kabla ya kunyunyiza maji, kama waliovaa ya zamani wamelipwa.

Dada au kaka wa Nairobi, nyumba ya padri itajengwa polepole na mama mboga, na itakuwa yao. Najua jibu hilo ni rahisi kwangu mwenye nyumba. Mimi nimelala kwenye nyumba ya mchungaji iliyoezekwa nusu, msimu mzima wa vuli, mabeseni kila kona. Mke wangu hakuwa na theolojia yoyote kuhusu jambo hilo, alikuwa na ndoo. Lakini hakuna mtu aliyenipigia simu usiku wa Jumamosi kuniambia nisihubiri nini.

Katibu_Vijana_Mbeya

Asanteni sana, Mwalimu ubarikiwe. Nimenakili haya nimpelekee mwenyekiti wa wazee. Moja la mwisho: mikeka. Vijana wangu wengi wanabeti, na wengine wanatoa fungu la kumi mkeka ukitiki. Wanasema hata huo ni ushuhuda.

Mwalimu_wa_Usambara

Hapo ndipo penye ugonjwa mkubwa kuliko yote tuliyosema, na nimeuona kwa macho. Nilikaa kwenye kibanda umiza hapa Tanga, pembeni yangu kijana anatetemeka, anaomba kwa jina la Yesu, dakika za mwisho kabisa. Nikadhani timu yake imezidiwa. Nikamuuliza anashabikia nani. Akasema hakuna, mkeka wake unasubiri kona. Kona moja tu, ya upande wowote. Haikupigwa. Alitoka bila kuangalia matokeo.

Kwa hiyo usianze na maandiko siku hiyo. Waambie waweke simu mezani, kila mmoja afungue historia ya malipo yake ya miezi mitatu, ajumlishe mwenyewe kimyakimya, alichoweka na alichopata. Wasisomeane. Wakimaliza, ndipo waulize hiyo sadaka ya mkeka ilitoka kwenye mfuko wa nani, maana kuna kijana mwenzao wa usharika wa jirani ambaye mkeka wake ulichanika siku hiyohiyo. Na mwaliko wa semina mpe yule mzee wa kanisa aliyesema hayo ni ya dunia. Akae mstari wa mbele, na simu yake iwe mezani pia.