Kiti cha sanduku kwa mpiga pedali stili: urefu gani, na vyombo mnabebaje?

stili_wa_bonde
Wakuu habari zenu. Mimi ni Mtanzania niko Fort Worth, Texas, napiga pedali stili (gita linalolala juu ya miguu yake, unakaa unatelezesha chuma juu ya nyuzi, na pedali na levaa za magoti zinabadilisha noti) na bendi ya kantri, ijumaa na jumamosi kwenye kumbi za dansi, jumapili asubuhi kanisani kwetu. Gita langu ni la shingo mbili, kila moja na tyuningi yake, E9 na C6, pedali nane na levaa tano za magoti, likiwa ndani ya sanduku lake linakaribia kilo 30. Ampu ni Fender Twin ya zamani nayo inagonga kilo 29 hivi, bado pedali ya volyumu, begi la waya, stendi na kiti.

Sasa kiti ndo kimenichosha. Natumia kile cha kukunja cha wapiga kinanda, nikihamisha mguu wa kushoto kutoka pedali A na B kwenda B na C kinayumba, na nikisukuma levaa ya goti kwa nguvu nahisi kama kinanigeukia. Nataka kununua kile cha sanduku, unafungua mfuniko unaweka pedali ya volyumu na makebo ndani halafu unafunika unakalia. Nimeona vya plaiwudi vya miguu ya kufungua, vingine vina egemeo la mgongo, vingine vina matairi. Je nichukue kikubwa ili niweke kila kitu humo? Urefu gani? Na nyie mnabebaje, maana mimi kutoka kwenye gari mpaka jukwaani ni safari nne na kurudi saa saba usiku ni nne tena, nina miaka 47 na mgongo umeanza kulalamika. Naombeni uzoefu wenu.

mzee_E9
Mdogo wangu pole sana. Kabla hujatoa hela anza na kipimo, sanduku litafuata. Watu wanachagua kiti kwa kuangalia kinameza nini, wakifika nyumbani wanakuta goti la kushoto linaigusa levaa ya wima (ile unayoisukuma juu kwa goti) muda wote hata kama hawajaiita, ama wamekaa juu mno wanaliinamia gita kama wanafua nguo, na baada ya seti ya pili mabega yanawaka moto.

Fanya hivi. Simamisha gita kama siku ya shoo, vaa viatu vilevile unavyopigia (hili usilidharau, najua huko Texas mnapiga na buti na buti zina kisigino). Tafuta kiti kigumu kifupi, panga mbao au vitabu vikubwa juu yake, ongeza punguza mpaka mapaja yalale karibu sawa, goti liwe chini ya nyonga kidogo tu. Halafu kaa ujaribu: kanyaga A na B pamoja, bingirisha mguu uachie A ubaki na B, kisigino kikiwa kimetulia sakafuni. Ukishaweza hiyo, kanyaga A peke yake na usukume levaa ya kushoto inayopandisha nyuzi za E kuwa F, kisha goti hilohilo lilete kulia kwenye ile inayoshusha E. Mguu wa kulia nao uwe kwenye pedali ya volyumu muda wote huo. Kama yote yanawezekana bila makalio kuhama, chukua futi upime kutoka sakafuni, hiyo ndo namba yako. Wengi wetu tunaangukia kati ya inchi 18 na 20 ila usichukue namba ya mtu, kama una miguu mirefu au gita limeinuliwa yako itakuwa tofauti.

Na kuna kitu hiki kilinigharimu mimi mwenyewe: sponji. Wauzaji wanapima kiti kikiwa hakina mtu, ukikikalia sponji inadidimia, changu kilishuka inchi nzima na mwaka wa pili kikazidi kushuka. Tafuta sponji ngumu isiyo nene sana.

Upana pia. Kikubwa sana kinakuwa na kona mbele zinazobana mapaja, na sisi magoti yetu yanacheza kushoto na kulia usiku kucha. Upande wa mbele uwe umeviringwa. Egemeo la mgongo mimi silipendi, ila kuna wenzangu wenye matatizo ya kiuno hawawezi bila hilo, hapo sibishani na mtu.

Kuhusu kuweka kila kitu ndani, hapana. Nilikuwa na sanduku kubwa nikajaza mpaka likawa zito kuliko ampu. Siku hizi naweka vile tu mikono na miguu yangu inagusa: pedali ya volyumu, chuma cha kutelezesha kwenye nyuzi, kucha za kuvalia vidoleni, kipima tyuningi, kebo tatu, nyuzi za akiba na funguo za kukazia. Chuma nakiingiza kwenye soksi na pedali naifunga taulo, kwa sababu besi ikianza kunguruma kila kitu kilicholegea humo ndani kinatetema, na kanisani kwenye wimbo wa taratibu maikrofoni inasikia. Bawaba za mfuniko zipake mafuta kidogo pia.

fundi_na_nyuzi
Salamu kutoka Nairobi. Nimefurahi kuona huu uzi, huku tuko wachache sana wenye pedali stili ingawa kantri yenyewe watu wanaipenda tangu Jim Reeves, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, anachezwa redioni. Na Waafrika tumekipiga hiki chombo kitambo, King Sunny Adé wa Nigeria alikuwa nacho kwenye muziki wake wa juju, Demola Adepoju ndiye alikuwa anakipiga, huwa nawaambia vijana wakinishangaa.

Boss mimi changu nilichongesha kwa mafundi wa barabarani pale Ngong Road. Nilienda na kipimo changu kama mzee hapo juu alivyosema. Plaiwudi ya milimita 12 pande zote, sehemu ya kukalia milimita 18, na kona za ndani fundi akatia vipande vya mbao akapiga gundi na skrubu, usikubali misumari mitupu, kiti cha stili kinasukumwa pembeni kila wakati na misumari inalegea. Miguu inafunguliwa kwa mkono, na chini ya kila mguu ameweka raba kwa sababu majukwaa mengi ni ya vigae, kinateleza. Kishikio kiko upande mmoja tu wa ubavuni, nakibeba kama briefkesi. Matairi nilikataa, kiti chenye tairi kinakuwa na mahali pa kuchezea hata ukilifunga, na pale ukisukuma levaa ndo unasikia.

Mimi nabeba kwa matatu na kondakta ananilipisha sanduku la gita kama abiria, kwa hivyo uzito kwangu ni pesa. Nina shingo moja tu, E9 nyuzi kumi, na karibu nyimbo zote ninazopiga hazihitaji zaidi. Sijui wewe lakini fikiria.

mzee_E9
@fundi_na_nyuzi hilo la shingo moja ni kweli kwa Nairobi, ila huyu yuko Texas, pale kumbi za dansi watataka swing, ile kantri ya dansi yenye ladha ya jazi, na swing inakaa C6. Asiuze gita. Auze Twin. Siku hizi kuna ampu ndogo za kichwa unazibeba kwa mkono mmoja, unaweka na spika moja ya inchi 15 au 12 kwenye boksi lake. Najua sauti ya Twin ni tamu, nimeilia mwenyewe, lakini kiuno hakina spea.

mama_wa_mpigaji
Samahanini naingia, mimi sipigi, mume wangu ndiye anapiga, na mimi ni nesi kazi yangu ni kuinua watu kila siku. Kaka, hilo sanduku la kilo 30 usiliinue peke yako kutoka kwenye buti ya gari huku umejipinda. Livute mpaka ukingoni kwanza, lisimamishe, kunja magoti, liweke karibu na mwili, ndo uinuke. Ngazi zikiwepo mwombe mpiga ngoma ashike upande mwingine, hakuna aibu. Na nunua toroli ya kukunja ya matairi manne yenye tairi kubwa za upepo, zile ndogo ngumu zinakwama kwenye kokoto za maegesho. Mume wangu sasa anakwenda safari mbili, gita limelala chini, ampu juu yake upande wa nyuma, kiti mbele, kamba mbili. Nyingine ni usiliache gita kwenye gari siku za joto ukiwa unakula, yeye alifanya hivyo julai na hakupata tuning mpaka seti ya kwanza ikaisha.

stili_wa_bonde
Wakuu asanteni sana, na dada asante. Nimepima leo na buti zangu, imetoka inchi 19 na robo nikiwa nimekaa, kumbe kile cha kinanda nilikuwa nakikalia kwenye 17 ndo maana ile levaa ya wima ilikuwa inanisumbua muda wote nikidhani ni gita. Kuna Mkongomani tunasali naye ni seremala, nimemtumia picha na vipimo, ameniambia nimletee pedali ya volyumu apime kina cha ndani. Toroli nimeagiza. Twin bado naitazama. @fundi_na_nyuzi hiyo raba ya chini ya miguu ni ya kugundisha au ya skrubu?

fundi_na_nyuzi
Skrubu. Ya gundi ilibandukia jukwaani wiki ya kwanza.