Kambona hakuwahi kuhukumiwa na mahakama yoyote, kwa nini mpaka leo mnamuita msaliti?

Wakuu nimechoka. Kila ikiguswa historia ya nchi hii, Oscar Kambona anamalizwa kwa neno moja tu, msaliti, na mjadala unafungwa hapohapo. Nani kathibitisha? Mahakama gani?

Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles wanaasi pale Colito, ndo Lugalo ya leo, wanataka mishahara ipande na maofisa wa Kizungu waondoke, Rais Mwalimu Nyerere na makamu wake Kawawa wamekimbizwa kufichwa, mjini maduka yanavunjwa, sasa niambieni nani alibaki anaongea na watu wenye bunduki? Kambona, waziri wa mambo ya nje na ulinzi. Kama alikuwa na uchu wa kuchukua nchi, siku ile angeshindwa nini? Hakuichukua, aliwatuliza wale askari na Mwalimu akarudi akakuta kiti chake kipo palepale. Na huyuhuyu alikuwa Katibu Mkuu wa TANU, chama tawala cha wakati ule, na ndo aliongoza Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika, iliyokuwa na makao yake hapahapa Dar. Mimi shule nilifundishwa maasi yale mwanzo mwisho, jina lake sikulisikia hata mara moja, na hiyo inaniuma kuliko matusi.

Haya, 1967 likaja Azimio la Arusha, lile la ujamaa na miiko ya uongozi, hakukubaliana nalo, Juni akajiuzulu, Julai akapitia Kenya akaenda zake London. Mimi binafsi kwenye miiko ya uongozi nipo upande wa Mwalimu, kiongozi kupangisha manyumba na kula mishahara miwili haikuwa sawa. Lakini kupinga sera ndo uhaini? Tangu lini?

Na walioumia ni waliobaki. Wadogo zake, Otini na Mattiya, waliwekwa kizuizini miaka na miaka bila kesi, kwa ile sheria ya 1962 iliyokuwa inaruhusu Rais amfungie mtu bila kumfikisha mahakamani. Watu wazima wana familia zao, wanaozea ndani kwa sababu kaka yao yuko London! Mbona hili hamlisemi mkianza kusifia enzi zile?

Ikaja kesi ya uhaini ya 1970, Kambona anatajwa kuwa ndo kinara wa njama, yeye mwenyewe hayupo kujitetea, shahidi mkubwa wa serikali ni Potlako Leballo wa PAC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini. Bibi Titi Mohamed akapigwa kifungo cha maisha, 1972 akatolewa kwa msamaha wa Rais, na leo ana barabara katikati ya Dar. Anastahili kabisa, mama yule aliijenga TANU kwa miguu yake. Ila hesabu yenu ndo siielewi, aliyehukumiwa amerudishiwa heshima yake, ambaye hakuhukumiwa bado ni msaliti. Hebu mtu anieleze!

1992 vyama vingi vikarudi na yeye akarudi, baada ya miaka 25. Kwanza akatishiwa kukamatwa, halafu ikaletwa hoja ya uraia, eti siyo Mtanzania, mtu wa kwetu Nyasa aliyekuwa waziri tangu uhuru! Ni kweli watu walijazana kwenye mkutano wake wakitegemea siri nzito alizoahidi kuzifichua na hakuzitoa, ni kweli chama chake cha TADEA hakikufika mbali, hapo alituangusha na nalisema wazi. 1997 akafia London. Lakini kuangusha mkutano ni kitu kingine, na kuuza nchi ni kitu kingine kabisa.

Ninachotaka ni kimoja. Serikali ifungue mafaili ya kesi ile na ya wale waliowekwa kizuizini, tusome wenyewe. Kama kuna ushahidi kwamba aliuza nchi, uwekwe hapa. Na wewe unayejiandaa kuja kunijibu "msaliti tu huyo", njoo na ukurasa wa hukumu yenye jina lake, la sivyo usinijibu.