Mtoto katunzwa jukwaani: fedha ni zake au za kikundi?

Mshika fedha, Chake
Asalaam alaykum jamani. Nashika fedha za kikundi cha taarab cha skuli moja hapa Chake Chake. Wazee na walimu tuko 14, mchango 2,000 kwa mwezi, wanaotoa kweli hawazidi tisa. Wiki iliyopita tulikuwa na usiku wa wazazi, kiingilio tukapata 96,000. Kaimba mtoto wa darasa la saba, akina mama wakaanza kumtunza. Huyu anakuja akicheza na noti kidoleni, yule anambandika kwenye paji la uso, mpaka nyengine zikaangukia kwenye kanuni, ile ala yetu ya nyuzi. Nimezihesabu mwenyewe juu ya mkeka, zimelowa jasho: 131,500. Sasa shangazi yake azitaka zote. "Katunzwa mtoto, hakikutunzwa kikundi!" Nami naitazama kanuni imekatika nyuzi kumi na moja. Nifanyeje?

Bi wa Malindi
Mwanangu, shangazi ana lake la kusema. Lakini nyuma ya mtoto palikuwa na udi, fidla na dumbak, na hao wapigaji nao wana mashangazi. Kikundini kwetu tulikuwa tukitangaza mapema: tunzo za kikundi, muimbaji robo. Nyinyi hamkutangaza, basi msimtie mtoto unyonge. Mpeni kitu mbele ya wazee wake, kiandikwe.

Fundi Nyuzi
Mie nasemea kanuni tu. Sauti moja ina nyuzi tatu. Zilokatika kama zimetawanyika, watoto waendelee kujifunza. Zikiwa zimekatika zote tatu za pahala pamoja, sauti hiyo haipo tena. Anzeni na hizo. Seti nzima ya nini sasa hivi?

Mpita Njia
Mbona hamuulizi alihesabu na nani? Peke yake, juu ya mkeka! Kesho utasikia zilikuwa laki mbili.

Mshika fedha, Chake
Mpita Njia umenipata. Ilikuwa saa sita usiku, wenzangu washakimbilia gari. Siku hizi tunahesabu watatu.
Jana tumekaa na shangazi. Mtoto kapata 35,000, zilobaki za nyuzi. Shangazi kaweka saini, halafu hakulirejesha daftari. Kalifunua ukurasa kwa ukurasa, kidole chini ya kila mstari, mwisho kaniuliza: "Na zile soda alizokunywa mwenyekiti usiku ule, umeziandika wapi?"
Sikuwa nimeziandika.