Nyumba ya Mjerumani huku kwetu Lushoto: tuchimbe au tuiache?

Mwana_Soni
Wakuu, salaam. Huku kwetu juu ya Soni kuna nyumba ya setla wa Kijerumani, zimebaki kuta na dohani. Tangu mvua zikate, vijana wanakuja usiku na mashine ya kupima vyuma, wanachimba hadi chini ya msingi. Juzi wameacha shimo la kumeza ng'ombe. Kijijini tumegawanyika: wengine wanasema wachimbe mchana na kijiji kichukue chake, wengine wanataka watimuliwe. Mnasemaje?

Kipimajoto
Watimuliwe. Ile ni mali ya kale, sheria ipo. Halafu hao vijana hayo majembe wangeyapeleka kwenye kabichi saa hizi wana pikipiki.

Mwana_Soni
Mkuu, kabichi umewahi kulima au unaziona kwenye sahani ya chips? Mimi nililima. Dalali alikuja na bei ambayo hata nauli ya kuziteremsha Mombo haitoshi. Ng'ombe walikula wakasaza.

Mzee wa Reli
Acheni kabichi. Wanaosema Mjerumani hakuficha kitu hawajui historia. Meli yake ya Götzen, ya Ziwa Tanganyika, aliipaka grisi mashine zote akaizamisha Kigoma 1916, Mwingereza akaja kuiibua 1924, ndiyo Liemba. Na pale Tabora, karakana ya reli, mwaka huohuo 1916 walifua sarafu za dhahabu za rupia 15, zina tembo, dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilikwenda wapi zote?

Binti Shekilindi
Mzee wangu shikamoo. Hiyo meli ilizamishwa na jeshi ziwani, haikufukiwa chini ya jiko la mkulima. Halafu Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika 1925, wakakaa hadi vita vya 1939. Huyo setla kama alifukia debe la dhahabu, miaka 14 alikuwa anasubiri nini?

Mzee wa Reli
Marahaba. Ila "jiko la mkulima" ni dharau. Mimi nimefanya kazi reli miaka 31, sijaokota haya barabarani.

Binti Shekilindi
Sijakudharau mzee. Na Kipimajoto, sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Mjerumani kaingia 1885. Nyumba hiyo haimo mpaka itangazwe rasmi.

Kipimajoto
Kwa hiyo unahalalisha wizi. Sawa wakili.

Fundi Saa
Mimi nimechimba sana nyumba kama hizo, ngoja niseme nilichopata. Chupa nene za kijani, zote zimevunjika shingo. Kitasa cha kauri. Kijiko kimoja. Na sarafu moja ya Mjerumani, heller ya shaba ya 1908, taji upande mmoja, kutu la kijani limekula maandishi ukingoni, ukiisugua na ndimu unaiharibu (niliisugua). Mganga alituambia palipo na misonobari iliyopandwa mstari ndipo penye mali. Tulichinja mbuzi wawili. Chini ya misonobari kulikuwa na mizizi ya misonobari.

Kipimajoto
Hiyo heller bado unayo? Unaiachia bei gani?

Binti Shekilindi
😂😂 Mlinzi wa mali ya kale huyo.

Kipimajoto
Nimeuliza kwa kujifunza. Usinizoee dada.

Mwl Kaniki
Ubaya wa kuchimba kwa mashine ni huu: kitu ukishakichomoa bila kujua kilikuwa kwenye kina gani na kilikaa na nini, kimebaki chuma. Halafu mbona wote mnachimba sebuleni kwa Mzungu? 1907 wilaya ya Wilhelmstal, yaani hiyohiyo Lushoto, babu zetu walipewa kipande, kadi ya kazi: siku 30 za kazi kwa Mzungu kila miezi minne. Walilala wapi, walipikia nini? Vigae vya vyungu vyao viko huko nyuma, mnavirusha na koleo.

Tanga Raha
Mwalimu kataja vigae. Vya vyungu sijui, ila vya paa je? Paa la nyumba hiyo halikuezuliwa na upepo. Nilikuja msibani huko, nikaona vigae vya Mjerumani kwenye banda la mbuzi.

Mwana_Soni
Banda la nani?

Tanga Raha
La baba yako mdogo, kama wewe ndiye ninayekudhania.

Mwana_Soni
Baba mdogo alinunua.

Tanga Raha
Kwa nani? Setla alirudi kuandika risiti?

Mwana_Soni
Aliuziwa na mwenyekiti wa kipindi kile. Na usimwingize mzee wa watu kwenye mada ya mashimo.

Mzee wa Reli
Mwenyekiti gani auze paa lisilo lake? Hata kule reli mataruma yaliondoka hivihivi, "nimeuziwa".

Fundi Saa
Vigae vile mtengenezaji alipiga chapa kwa chini. Pindua kimoja tuone.

Mwl Kaniki
Kweli, pindua. Ndiyo kumbukumbu pekee ya nyumba hiyo iliyobaki nzima.

Mwana_Soni
Nimempigia. Anasema viko 43, mbuzi hawanyeshewi, na atakayekuja kupindua aje na mabati.