Mpaka wa bahari wa Kenya na Somalia

Swali: Ndugu wanajukwaa, katika hukumu ya tarehe 12 Oktoba 2021, kwa nini Mahakama ya Kimataifa ya Haki haikukubali mstari wa latitudo, yaani unaonyooka kwenda mashariki, uliodaiwa na Kenya?

Jibu: Kwa sababu Kenya haikuthibitisha kwamba Somalia iliwahi kuuridhia. Mahakama ilichora mstari wa katikati, yaani ulio umbali sawa kutoka pwani za nchi zote mbili, kisha, kuanzia maili 12 za baharini kutoka pwani, ikausogeza kaskazini kidogo, kwani Kenya imebanwa kati ya Somalia na Tanzania yenye kisiwa cha Pemba.

Jibu: Naongeza, mwenzangu, kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unataka suluhisho la haki. Hata hivyo Kenya iliikataa hukumu.

Muulizaji: Ahsanteni. Sisi wavuvi tunaotega jarife, yaani wavu mkubwa, upande wa Kiunga, Kenya, karibu na mpaka, mstari huo hatuuoni majini.