Wana Mwanga: kipa wetu afundishwe na nani?

*Baba Zubeda:* Asalaam aleikum wana Mwanga. Jana jioni nimepita uwanjani, vijana wote wako na kocha, kipa peke yake anapiga mpira ukutani na kuudaka mwenyewe.

*Mama Ashura:* Waaleikum salaam. Ni mwanangu huyo. Anarudi viganja vimechubuka.

*Rama:* Shikamooni. Kocha mwenyewe alikuwa straika, mambo ya golini hayajui.

*Baba Zubeda:* Na hii ndiyo Kigoma ya kipa Juma Kaseja! Inauma.

*Rama:* Cairo 2003 🔥 Zamalek bingwa mtetezi wa Afrika. Simba tumewapiga 1-0 Dar, wakarudisha 1-0 kwao, kwenye matuta ya penalti tukawatoa 3-2. Kaseja golini, bado kijana mdogo kabisa.

*Mjomba Shabani:* Msisahau benchi siku ile. Kocha alikuwa James Siang'a, Mkenya, aliyewahi kuwa kipa wa Harambee Stars. Kijana alikuwa na mtu anayeijua kazi yake.

*Mwajuma:* Mimi Yanga, na kwetu pia alidaka. Mniambie Taifa Stars 2019 na Burundi, kufuzu Kombe la Dunia. 1-1 kwao, 1-1 Dar, matuta 3-0. Miaka 16 baada ya Cairo!

*Baba Zubeda:* Na alipotundika daluga akaingia kwenye ukocha, akawa kocha wa makipa wa Taifa Stars.

*Mama Ashura:* Lakini jamani, kudaka na kufundisha ni vitu viwili. Wangapi walicheza vizuri, kufundisha kukawashinda?

*Mjomba Shabani:* Hapo umesema kweli, dada yangu. Uwanjani mwili unaamua wenyewe, ukiwa kocha lazima umweleze mtoto umeamuaje. Chukua penalti. Mpigaji akikaribia, tazama ule mguu anaousimamisha pembeni ya mpira, vidole vimeelekea wapi. Ukiruka mapema ameshakuona, anakuwekea upande wa pili. Hilo halifundishiki kwa kupiga kelele ukiwa nje ya uwanja. Unampigia, unasimamisha, unamshika bega, unamgeuza, unampigia tena. Ndiyo maana hata waliocheza ligi kuu wanarudi darasani, leseni D ya ukocha ya CAF, shirikisho la soka Afrika, wanapanda C, B, A.

*Rama:* Mjomba, si ulidaka wewe? Tunamtafuta nani tena?

*Mwajuma:* Nami nasema Mjomba 🙌

*Mjomba Shabani:* Magoti yananisumbua ila mikono ipo. Jumatatu saa 10 jioni. Mama Ashura, kijana akate kucha, glavu nitamletea zangu. Na waje wadogo wote wanaopenda kukaa golini, wasichana pia. Ila kozi ya leseni D ikitangazwa nataka kwenda, ada sina.

*Mama Ashura:* Mwenyezi Mungu akuzidishie, kaka. Nusu ya ada naweka mimi. Baba Zubeda, fungua mchango.

*Baba Zubeda:* Nimefungua. Naanza na 10,000. Rama?

*Rama:* 5,000 leo, nyingine mwisho wa mwezi.