Ushauri: sinema ya bondia mcheshi, watu wanacheka hata anapompiga mkewe

Kalamu_Jinja:
Ndugu zangu, hamjambo. Nina muswada wa kurasa 96 kuhusu bondia wa zamani wa Kampala, mtu wa kweli, sasa marehemu. Barabarani alichekesha kila mtu, nyumbani alikuwa mkatili. Tulipousoma kwa pamoja, ukurasa wa 41 anampiga mkewe na watu bado wanacheka. Nikipunguza vichekesho, anakuwa mtu mwingine kabisa. Nifanyeje?

Mhariri_Ntinda:
Usipunguze. Angalia kurasa za 39 na 40. Aliyekuwa anacheka hawezi kunyamaza papo hapo. Chukua kalamu mbili: weka kijani pambizoni panapochekesha, nyekundu panapouma. Zikigusana bila hata nusu ukurasa katikati, hapo ndipo panapovuja. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja, kwa hiyo unahitaji sekunde thelathini hivi. Zijaze na jambo dogo: mke anasikia hatua za mumewe uani, anaondoa sufuria ya moto mezani na kuificha nyuma ya mlango. Watazamaji wataelewa kabla hajaingia.

Halafu urudishe mzaha wa baa, ule wa bondia kukopa. Mara ya kwanza anamwambia mwenye baa "andika kwenye daftari", watu wanacheka. Mara ya pili ni kwa muuza nyama. Mara ya tatu anamwambia mwalimu mkuu, ni karo ya binti, na binti amesimama pale na begi lake. Maneno yawe yale yale, sauti ile ile. Mwigizaji akitia huzuni ameharibu. Na isiwepo mara ya nne.

Nalongo_Mbale:
Mwanangu, itazame tena The Last King of Scotland ya 2006, iliyompa Forest Whitaker tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Idi Amin. Kuna usiku rais anadhani amelishwa sumu, kumbe ni gesi tumboni. Sisi tunacheka, daktari aliyeitwa anaogopa. Hofu imo ndani ya kicheko tangu mwanzo, kwa hiyo ukatili ukija haushangazi. Daktari huyo ni wa kubuni: anavutwa na Amin kama sisi, kisha yanamfika. Lawama yangu ni moja, kwamba Waganda waliouawa wamebaki nyuma ya daktari huyo mgeni. Mke wa bondia usimwache nyuma. Mpe mizaha yake mwenyewe, tena mikali kuliko ya mumewe.

Kalamu_Jinja:
Asante sana mama. Na muziki? Nimeweka kadongo kamu, ule muziki wetu wa gitaa, ya furaha, inakatika kofi linapotua.

Mhariri_Ntinda:
Iondoe. Ikikatika pale, unawaamuru watu wahuzunike, nao hukataa. Uzime muziki tukio zima kabla, ubakize redio ya jirani. Baada ya pigo shikilia uso wa mke sekunde tatu bila kukata. Na vichekesho vya baa upige kwa mbali, mwili mzima uonekane. Uso wa karibu uuweke akiba kwa maumivu.

Kibanda_Kwetu:
Kumbukeni kwenye kibanda cha video, VJ, yule msimulizi wa sinema, atatafsiri kwa Kiganda juu ya mazungumzo, na mizaha yake ataitia. Tukio la ukurasa wa 41 lieleweke kwa picha tupu. VJ mpelekee nakala mapema, umwonyeshe dakika ambazo anyamaze.